Injini Iliyolala Silangani

Jumatatu, Februari 6

Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nimelala nje ya nyumba yangu, na mgongo umelalamika usiku kucha. Hema ni la Nanjala, kitanda ni cha kukunja, na upepo wa huku, mbele ya Kajiado kwenye njia ya Mashuru, hauna adabu hata kidogo. Unaingia bila hodi na kukumwagia vumbi kwenye chai.

Sijali. Miezi sita nimekaa Noonkopir nikipanga na kupangua misumari ya Munguti dukani, hadi akaniomba, kwa upole wa mume aliyechoka, nitafute kitu cha kufanya. Miaka thelathini nilipiga ribiti, vile vishikizo vya bati, pale uwanja wa Wilson, kwenye ndege ndogo za watalii na za miraa, na siku waliponiaga kwa keki walidhani mikono nayo imestaafu. Nanjala alipokuja dukani wiki jana kumuulizia mama fundi wa bati za ndege, Munguti hakuinua hata kichwa. "Ni huyo anapanga misumari," akasema. "Mchukue leo leo."

Nanjala ni mtafiti wa ndege za zamani. Kofia kubwa, simu mbili, na kila sentensi ina Kiingereza ndani. Ametumwa na wakfu mmoja wa Nairobi unaotaka kufungua ukumbi wa mambo ya vita. Silanga ya mfugaji Parmuat Lemein, bwawa lake la kunyweshea ng'ombe, imekauka kabisa kwa ukame huu, jambo ambalo hajawahi kuliona tangu azaliwe, na tope lilipopasuka mkia wa ndege ukachomoza katikati. Ni Hurricane, ndege ya kivita ya wakati wa Hitler. Imelala humo miaka themanini.

Mapatano ni haya. Wakfu unaleta tingatinga, linazoa tope lote ili silanga iwe na kina zaidi, na ndege inakuwa yao. Parmuat anabaki na silanga nzuri kuliko ya baba yake. Mvua ya masika ikituwahi, maji yatafunika kila kitu, na hakuna ajuaye silanga itakauka tena lini.

Sharti la Parmuat lilikuwa moja. Alilisema akiwa amesimama kwenye ukingo, fimbo mabegani. "Toa tope yote, mama. Lakini chini kuna udongo ya blue, ile ngumu. Machine ikifika hapo, isimame. Hiyo ndio inashika maji."

Nilimwambia nimesikia. Na nilikuwa nimesikia.

Jumanne, Februari 7

Vumbi. Tope. Vumbi.

Alhamisi, Februari 9

Tumefika kwenye kiti cha rubani. Kitambaa kilichofunika mkia kilioza zamani, lakini mabomba ya chuma yapo, na bati la ubavuni lipo. Nimelisugua kwa brashi na kikombe kimoja cha maji. Parmuat alikitazama kile kikombe mpaka nikaona haya.

Chini ya tope kuna viraka. Kimoja kilipigwa na fundi mwenye nafasi: kona zimeviringwa, ribiti ziko kwenye mstari. Kingine kilipigwa na mtu mwenye haraka, labda gizani, kwa bati lililokatwa kutoka kwenye mkebe, ribiti zote kombo. Nilimwonyesha Nanjala, akapiga magoti, akavua ile kofia.

"Hiyo ya haraka lazima ni ya huko juu, Moyale side," akasema. "Mwaka wa arobaini na moja. Risasi za Waitaliano."

Ndipo akanipa historia yote ya ndege, nami nikamsikiliza kuliko ninavyomsikiliza mchungaji. Iliundwa Uingereza, ikafungwa ndani ya masanduku, ikazungushwa kwa meli hadi Afrika Kusini. Marubani wa huko waliirusha hadi mpaka wa kaskazini kupigana. Ilipozeeka wakaitupia shule ya urubani, vijana wajifunze nayo. Masika ya mwaka wa arobaini na tatu mwanafunzi mmoja akapotelea mawinguni, injini ikazima, akaiangusha hapa kwenye bonde lililokuwa limelowa mvua. Alivunjika mkono tu. Babu yake Parmuat alimpa maziwa na kumsindikiza hadi kwenye reli.

Yule wa kiraka cha haraka, angekuwa chini yangu pale Wilson, ningemfukuza kazi. Nimekitazama kiraka chake mpaka giza likaingia. Hakijaachia hata ribiti moja.

Ijumaa, Februari 10

Parmuat anakaa kwenye jiwe lake tangu asubuhi hadi jioni. Hashiki jembe, hashiki karai. Anatazama tu ndoo ya tingatinga inavyopanda na kushuka. Ng'ombe wake wote wako Loitokitok na ndugu yake Leshan, wanakula majani ya watu, kwa hiyo kazi hana. Mwanamume mzima! Mimi ningekufa.

Jumapili, Februari 12

Nimerudi nyumbani kwa ibada. Mchungaji ametangaza mfungo wa kuomba mvua, kanisa zima likasimama, watu wakalia machozi ya kweli. Nilisimama pia. Mdomo haukufunguka. Nilimwambia Mungu moyoni: ngoja kidogo, wiki tano tu.

Munguti alinitazama kwa jicho la pembeni. Huyu mtu ananijua kupita kiasi.

Jumanne, Februari 14

Polisi wamekuja kuchukua risasi zilizokuwa ndani ya bawa. Walizibeba kama mayai. Mmoja aliuliza kama ndege inaweza kuruka tena. Wangila, dereva wetu wa tingatinga, akamwambia ndiyo, Alhamisi.

Ijumaa, Februari 17

Bawa la kushoto limetoka zima. Mabati ya juu yamekatwa sehemu kubwa, na si kwa ajali. Mtu alikata kwa kisu na jiwe, taratibu, vipande vidogo vidogo. Nimehangaika siku nzima na swali la nani alikata, na kwa nini.

Jioni mama yake Parmuat alituletea chai. Anaitwa Seleyian, ameinama kwa umri lakini macho ni makali. Nilimwamkia kwa Kimaa, "Sopa, koko," yaani habari, nyanya, akajibu "Epa," akanyoosha kikombe, na ushanga wake wa shingoni ukalia. Kila uzi umeishia kwa kipande cha bati kinachoning'inia. Sikujizuia. Nilikishika kimoja, nikakigeuza. Kilikuwa na nusu ya tundu la ribiti.

"Koko, hii ni ya bawa!" nikasema. "Nanjala, njoo uone, wamama wa huku walivaa bawa zima!"

Seleyian alifunika ushanga kwa kiganja. Alisema kitu kwa Kimaa, na Parmuat akatafsiri bila kutabasamu. "Anasema alipewa na mama mkwe siku ya harusi. Anauliza kama hiyo pia mnabeba."

Nanjala aliwahi kusema hapana, hapana kabisa, na kuomba ruhusa ya picha. Alikataliwa. Aliinama kama mtoto anayeamkia, akasema asante. Nilimwona mjinga, kuachilia kitu kama kile kirahisi namna ile. Sasa naandika na uso unaniwaka.

Alhamisi, Februari 23

Mawingu asubuhi. Yameondoka. Sikulala.

Jumatano, Machi 1

Leo lori limeondoka na mabawa, mkia na kiunzi chote cha katikati. Tumekodi godauni nje kidogo ya Kitengela. Nililifuata kwa macho mpaka vumbi lake likaisha, nikajisikia kama nimemwoza binti.

Imebaki injini. Pua yake imezama ndani kabisa, na propela imepinda chini yake. Watu wa wakfu wameshampigia Nanjala simu mara mbili. Bila injini, wanasema, hiyo ni mkia na mabawa tu. Namba iliyogongwa kwenye injini ndiyo itakayothibitisha kwamba ndege hii ndiyo ile ya Moyale, si nyingine iliyofanana nayo.

Ijumaa, Machi 3

Tumefika kwenye udongo wa bluu. Ni mgumu, unateleza, unang'aa ukikatwa. Nusu ya injini iko juu yake, nusu iko ndani yake.

Parmuat aliinuka kwenye jiwe lake. Mara ya kwanza namwona anatembea haraka. "Hapo basi, mama."

"Lakini injini iko ndani."

"Ikae."

"Baba, hiyo ndiyo roho ya ndege. Imebaki kidogo tu."

"Hata silanga iko na roho," akasema. "Tuliongea."

Nanjala aliahidi kwenda Nairobi kuzungumza na wakfu kabla ya mtu yeyote kugusa chochote. Nilikubali kwa kichwa. Nikisinzia tu navuta injini ile ndotoni, na kila ikikaribia kutoka naamka.

Jumapili, Machi 5

Sikwenda nyumbani. Nimepiga msasa spana ambazo hazikuhitaji msasa. Simu inasema mvua itaanza mapema kuliko walivyodhani.

Jumatano, Machi 8

Naandika kama ilivyokuwa, kwa sababu kesho nitaanza kuirembesha.

Parmuat aliondoka alfajiri kwenda soko la Kajiado na mbuzi. Nanjala alikuwa bado Nairobi. Tulibaki mimi na Wangila, na Seleyian juu bomani. Upande wa Kilimanjaro kulikuwa na wingu, na si la vumbi. Wingu lenye tumbo.

Nilijiambia tutajaribu kuvuta tu, bila kuchimba. Tulifunga mikanda, tukavuta kwa ndoo ya tingatinga, minyororo ikalia, injini haikutikisika. Udongo ule unanyonya. Tulijaribu tena. Nilitazama wingu. Liliongezeka, au macho yangu yaliliongeza.

"Chimba hapa kando," nikamwambia Wangila. "Nusu ndoo, ipate pumzi."

"Madam, si tungoje mwenyewe?"

"Mwenyewe akikuja mvua pia itakuwa imekuja. Nusu ndoo!"

Nusu ndoo ikawa ndoo. Ndoo ikawa tatu. Wangila alinitazama kila mara kabla ya kushusha, nami kila mara nilimpungia mkono: endelea. Niliukata udongo wa bluu kana kwamba ni keki yangu ya kuagwa. Halafu tukavuta, na injini ikatoka kwa sauti kubwa ya kunyonya, ikaning'inia hewani ikidondosha matope, na panga moja la propela lililobaki likiwa limejikunja.

Nilipiga kelele. Mimi, nyanya wa watoto wanne, nilirukaruka mule shimoni nikiimba wimbo wa kanisa. Sijawahi kufurahi vile tangu nizae. Huo nao ni ukweli, nimeuandika.

Wangila hakucheka. Alizima mashine. "Madam, kuja uone."

Pale pua ya injini ilipokuwa, chini ya udongo wa bluu, kulikuwa na mchanga. Mweupe, mkavu, ukimiminika taratibu kutoka kando ya shimo kama sukari kwenye gunia lililotoboka. Nilifungua chupa yangu ya maji ya kunywa, nikamimina. Yaliisha kabla sijafunga kifuniko.

Wingu la Kilimanjaro lilitawanyika saa tisa. Halikuwa na kitu.

Alhamisi, Machi 9

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Parmuat alishuka shimoni, akachota mchanga, akauacha upite vidoleni. Akakaa chini palepale.

"Nilikuambia usimame wapi?"

"Kwenye udongo wa bluu."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Alikung'uta mchanga mikononi. Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, na kila neno nilistahili. Silanga hii haikuchimbwa na serikali. Ndege ilianguka bondeni, ikatoboa ardhi, mvua ikajaa humo. Babu yake akaleta ng'ombe kunywa, na ng'ombe wakakanyaga udongo ukiwa umelowa mpaka ukafunga kuizunguka injini. Kila masika baba yake alizungusha kundi zima humu, kandokando ya maji yaliyosalia, mvua ya kwanza inapolainisha udongo, kabla maji hayajajaa. Naye amefanya hivyo tangu awe mkubwa. "Inakuwa kama chungu," akasema. "Na sasa umetoboa chungu."

"Nitaziba," nikamwambia. "Mimi ni fundi wa viraka, baba. Maisha yangu yote."

"Hiyo si bati, mama."

Jumamosi, Machi 11

Nimekodi mashine ya kushindilia kutoka Kitengela. Tumerudisha udongo wa bluu shimoni, tumeumwagia maji ya lori, tumeugonga siku nzima mpaka meno yakacheza. Wanawake wa huku wanatembea nusu siku kutafuta maji, na walisimama ukingoni wakitazama yale yakimwagwa. Kabla ya kulala niliacha dimbwi dogo juu ya kiraka changu, linang'aa vizuri.

Jumapili, Machi 12

Dimbwi halipo. Kuna ufa mrefu kama mkono wangu.

"Hii chuma inagonga juu peke yake," Wangila akasema. "Kwato inaingia ndani."

Nimeshindwa.

Jumanne, Machi 14

Nanjala amerudi. Wakfu umemshukuru kwa picha za injini, wamezipenda. Kuhusu silanga wamesema bajeti ni ya ndege. Nilitegemea anikemee, lakini alivua kofia, akaitupa hemani. "Mimi ndiye nilisign na Parmuat, Mama Roda. Honestly, si wewe pekee." Halafu akaokota karai na kuanza kuvunja mabonge ya udongo wa bluu ili yalowe vizuri mvua ikija. Mikono yake ilikuwa na malengelenge kufikia saa sita. Nilikuwa nimemwona mtu wa simu tu.

Parmuat amempigia Leshan arudishe ng'ombe waje kukanyaga udongo. Nilimuuliza kwa nini tusingoje mvua ya kwanza ipite, tuzibe polepole baadaye.

"Maji ya kwanza ikiingia kwa hiyo shimo, itabeba mchanga, shimo itakuwa kubwa kama nyumba. Hapo hakuna silanga tena." Alikuwa akichora ardhini kwa fimbo bila kutazama alichochora. "Ng'ombe ziko Loitokitok, ziko na nyasi kidogo. Ni mifupa zinatembea. Nikizileta, zingine zitaanguka njiani. Nikiziacha, zikirudi hazina maji. Sasa wewe uchague, mama, kwa sababu wewe unajua kuchagua."

Alikuwa ameshachagua. Leshan ameondoka Loitokitok leo asubuhi na kundi lote.

Nilielewa pia kile kikao chake cha kwenye jiwe. Mwezi ule mzima alikuwa kazini, akiulinda udongo wa bluu.

Alhamisi, Machi 16

Mawingu. Kila mtu huku anayatazama kwa furaha, na mimi bado namwomba Mungu angoje. Naona sasa ananichukulia kama mgonjwa wa akili.

Jumamosi, Machi 18

Munguti amefunga duka na kuja. Hakunilaumu. Ameleta makarai kumi na viatu vyake vya mpira, akaniuliza, "Tunaanzia wapi?" Nililia mbele ya watu, sikujali.

Leshan yuko njiani bado. Amepiga simu mara moja. Parmuat alisikiliza, akasema neno moja kwa Kimaa, akaenda nyuma ya boma, akakaa huko.

Jumanne, Machi 21

Mvua.

Ilianza alasiri, matone makubwa, harufu ya ardhi ikapanda hadi mtu unataka kuila. Kule vijijini nilisikia wanawake wakipiga vigelegele. Ng'ombe hawajafika.

Parmuat alituma watu mbio kila upande. Wakaja. Wale wanawake waliotazama maji yangu ya lori yakimwagwa, watoto wa shule na sare zao, punda, mbuzi, ndama wawili waliobaki bomani. Wanaume waligeuza mkondo juu kwa majembe ili maji yasiingie kwa nguvu, na sisi wengine tukaingia shimoni tukaanza kuzunguka. Udongo ulikuwa umelainika. Nilivua viatu. Unazama hadi kwenye kifundo, unachomoa, unazama tena. Nanjala alikuwa mbele yangu ameshika mkia wa punda, Munguti nyuma yangu akihema. Seleyian aliingia na fimbo yake, akawa anakanyaga sehemu moja tu, polepole, akiimba kitu na wanawake wakimwitikia. Hakunitazama. Niliifuata sauti yake ingawa sikujua maneno.

Usiku wote. Miguu yangu haina ngozi sawasawa. Kwato tulizonazo ni chache, na Parmuat akichomeka fimbo inaingia hadi kwenye mchanga.

Jumatano, Machi 22

Wamefika saa moja asubuhi. Tulisikia kengele kwanza, kisha wakatokea kwenye mvua, mbavu nje, vichwa vimeshuka hadi magotini. Nilitazama nyuma yao kuona wengine. Nyuma yao alikuwa Leshan, kijana mrefu aliyejifunika shuka lililolowa, na nyuma ya Leshan hakukuwa na kitu.

Sijui kundi lilikuwa kubwa kiasi gani. Nilimwona Parmuat akiwatazama wakipita mmoja mmoja, midomo ikicheza, na nikajua anawaita kwa majina, na kuna majina hayakuitikiwa.

Hakuwapumzisha. Aliwateremsha moja kwa moja. Walizunguka mule ndani kutwa, Leshan na vijana wakiwasukuma kwa sauti tu, bila fimbo. Wawili walilala matopeni. Mmoja aliinuliwa. Jioni Parmuat alichomeka fimbo, ikagoma. Akachomeka kwingine, ikagoma. Akawatoa wote, akaenda juu kufungua mkondo kwa mikono yake.

Alhamisi, Machi 23

Silanga inajaa. Parmuat alituambia twende nyumbani, wote, barabara itafungika. Hakuna aliyeagana na mwingine vizuri.

Jumatano, Machi 29

Godauni. Nimesafisha injini kwa mafuta ya taa siku tano, na leo namba imeonekana, imegongwa kwa nguvu, kila tarakimu safi. Nanjala alilinganisha na kumbukumbu zake kwenye simu, kisha akakaa juu ya gurudumu. Ndiyo yenyewe. Ndiyo ile ya Moyale. Nilidhani nitarukaruka tena. Niliuliza kama mvua imekatika huko Kajiado.

Wakfu umepiga simu. Wanataka nisimame kando ya injini, wanipige picha. Nimekataa. Nanjala ameniambia naye hataandika kitabu chao cha maelezo mpaka kiseme kilichotokea kwenye silanga, na wakikataa watafute mwingine. Alipomaliza kusema, nikamshika mkono.

Nyumbani nimepanga misumari. Munguti amenizuia mkono. "Nenda," akasema. "Hulali, na mimi hunilazi."

Jumamosi, Aprili 1

Gari liliniacha barabarani, nikatembea. Nyasi zimeanza, fupi, kijani kibichi hadi macho yanauma. Niliogopa kuinua kichwa kabla ya kufika ukingoni.

Imejaa. Maji ya kahawia, yametulia kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu alikuwa amechomeka kijiti pembeni, na maji yalikuwa yamesimama palepale kijiti kilipokatwa alama. Nilikaa chini kwenye nyasi mbichi, nguo ikalowa, nikacheka peke yangu. Kisha nikaona kilichonisumbua tangu nifike. Hapakuwa na nyayo mpya za ng'ombe ukingoni.

Niliwakuta bomani. Waliobaki walikuwa wamelala, wengi wao, shingo zimenyooka chini. Wamepata nyasi wakiwa wamekwisha kuchoka, na baridi ya mvua ikawamalizia. Kuna sehemu nje ya boma watu walikochomea mizoga. Sikutazama huko mara mbili.

Parmuat alitoka, amekonda. Tulisalimiana kama desturi, hali ya nyumbani kwangu, hali ya mzee Munguti.

"Silanga imeshika," nikasema.

"Maji imekaa," akajibu. "Ni ng'ombe ndio hazikukaa."

Nilimwambia, "Nisamehe." Niliyasema maneno yenyewe, wazi, si kwa kuzunguka. Nilimwambia ni mimi, si wingu, si Wangila, si wakfu. Seleyian alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

Parmuat aliangalia chini. "Mama, leo sijui nitakujibu nini. Hata kesho sijui." Akageuka kumtazama ng'ombe mwekundu aliyelala karibu na uzio. "Hizi zisipoinuliwa asubuhi na jioni, damu inaganda kwa miguu, inakufa. Watu wamechoka. Kama umekuja kukaa, kaa. Kama umekuja kushika, shika huko mkia."

Nilishika mkia. Leshan alishika pembe, Parmuat akapitisha mti chini ya tumbo, kijana mmoja upande wa pili. Waliita kitu pamoja, tukavuta. Ng'ombe alikuwa mzito kuliko nilivyodhani mifupa inaweza kuwa. Alipanda nusu, akarudi. Tukapumua. Tukavuta tena, nikaweka bega langu chini ya nyonga yake, nikasikia moyo wake unapiga kwenye shavu langu, na akasimama. Miguu minne inatetemeka, lakini imesimama. Seleyian alileta karai la maji ya silanga, akaliweka chini ya pua yake. Alinusa kwa muda mrefu. Kisha akaanza kunywa.

Sikuthubutu kuachia mkia. Parmuat alikuwa ameshahamia kwa ng'ombe wa pili, anapima mahali pa kupitisha mti.

"Mama, kuja," aliita bila kugeuka. "Bado ziko."